Aliyepiga Hodi kwa Sauti ya Eliya

Eliya hakuwaambia wazee wale "mutoke." Naanza na hapo makusudi, kwa sababu neno hilo moja ndilo mlilomtwika mtu asiye na hatia mpaka akahama mji. Hakuwaambia. Nilikuwa nimeketi kando yake ndani ya gari, ningeweza kumgusa shavu, na midomo yake ilikuwa imefungwa. Haya ninayokueleza yalitukia, hapa hapa Texas, kati ya Mansfield na Grand Prairie, na kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa.

Najua mnavyosema. Eti nilikuwa na uchovu wa kazi. Eti mwanamke wa Taita na mambo ya uchawi ni chanda na pete. Eti tulikuwa wawili peke yetu garini, sasa je, tulikuwa tunafuata kimbunga au tulikuwa tunafuatana? Hilo la mwisho lilisemwa nje ya kanisa, siku ya maziko, na watu wazima wakacheka. Nililisikia. Aliyelisema anajijua.

Basi sikiliza.

Eliya ni Mkongomani wa Uvira, kijana wa makamo, hajaoa, alikuwa akifanya kazi ya ghala Grand Prairie. Mimi ni Mkenya, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee Mansfield. Kilichotukutanisha ni mawingu. Wako watu wanaopenda mpira, wako wanaopenda magari. Sisi tulipenda hali ya hewa. Ukituona tumekodolea simu macho, hatuangalii picha za watu, tunaangalia rada. Kila mtu wa Texas anajua tornado, ule upepo unaoteremka kutoka wingu kama mkia na kung'oa nyumba. Sisi tulijifunza kuuona kabla haujashuka. Kwenye rada, rangi nyekundu ikijikunja kama ndoana, ujue hapo ndani kuna kitu kinazunguka.

Lakini Eliya hakuanza kwa mapenzi tu. Alianza kwa sababu ya Mama Nabintu. Mama huyu alikuwa jirani yake, mjane kutoka Kongo, hajui Kiingereza wala Kihispania, na maonyo ya simu huja kwa lugha hizo mbili. Mara ya kwanza simu yake ilipopiga yowe la tornado, maskini akaingia chini ya kitanda akidhani vita vimemfuata mpaka Amerika. Eliya alimkuta huko chini kesho yake, bado ameshika viatu mkononi. Tangu siku hiyo akawa anarekodi maonyo kwa Kiswahili na kuyatuma kwenye kikundi chetu cha simu. Alianza kila mara hivi, kwa kile Kiswahili chao cha kule: "Bandugu yangu, ni Eliya." Halafu anasema wapi, lini, na mufanye nini. Wakongomani walimsikiliza, Warundi walimsikiliza, sisi Wakenya tulimcheka matamshi na kumsikiliza vilevile. Wazee walikuwa hawaendi kujificha bafuni, chumba kisicho na dirisha, mpaka wasikie sauti ile. Mama Nabintu alimwita mwanangu, na hakuwa anasema tu.

Siku yenyewe ilikuwa ya machipuko. Tangu asubuhi hewa ilikuwa nzito, ukitoka nje unahisi umevikwa blanketi lililolowa. Wataalamu walikuwa wameshaonya kwamba tornado hazitakuja moja, zitakuja kwa mfululizo, dhoruba moja nyuma ya nyingine kama mabehewa. Nilitoka kazini mchana, Eliya akanipitia, tukaelekea kusini magharibi ya Mansfield, kule nyumba zinakokwisha na mashamba ya nyasi yanaanza. Hatukuenda kutafuta sifa. Rada inaonyesha mzunguko, lakini haikuonyeshi kama mkia umegusa ardhi. Hilo lazima jicho lione. Tukiona, tunawaambia watu wetu.

Wenye kutafuta sifa tuliwaona. Walitupita na magari makubwa yenye kamera juu, madirisha wazi, wakipiga vigelegele. Mmoja alikuwa akitangaza moja kwa moja kwenye mtandao, anaiomba tornado ishuke. Anaiomba! Kana kwamba huko mbele hakuna mtoto wa mtu anayelala. Niliwatukana kwa Kitaita, lugha yenye matusi ya kutosha.

Tukasimama kando ya barabara nyembamba ya shamba. Jua lilikuwa halijatua, lakini ungedhani ni usiku. Mbingu ilikuwa na rangi ya jeraha linalopona, kijani na zambarau. Mbele yetu wingu lilikuwa limeshuka chini, zito, limening'inia kama tumbo la ng'ombe aliyekaribia kuzaa, na lilikuwa likizunguka taratibu. Eliya akashusha kioo, akashika simu, akarekodi. "Bandugu yangu, ni Eliya. Benye muko Grand Prairie, muingie mu bafu sasa. Mufunge mulango. Musitoke mupaka niwaambie."

Musitoke mupaka niwaambie. Kumbuka alisema hivyo.

Alipomaliza, mtu akasema, "Habari za kazi?"

Tuligutuka wote wawili. Mwanamume alikuwa amesimama upande wa dirisha la Eliya, karibu sana. Alitoka wapi? Upande ule hapakuwa na nyumba, hapakuwa na gari, hapakuwa na njia; ni nyasi tu mpaka zinapokutana na wingu. Mtu mweusi, umri kama wetu, shati jeupe la mikono mirefu. Na alitusalimu kwa Kiswahili. Katikati ya mashamba ya Texas!

Eliya ni mtu aliyelelewa. Hata hakuuliza jina. "Kaka, ingia mu gari, mawe inakuja," akamwambia, kwa sababu mvua ya mawe ilikuwa imeanza kugonga paa.

"Sikai," yule mtu akajibu. "Ulikuwa unaongea na nani?"

Sasa nikueleze kitu. Sisi huku tunajuana kwa maneno mawili. Mtu akifungua mdomo, najua huyu ni wa Mombasa, huyu ni wa Kigoma, huyu amekulia kambini. Hata aliyezaliwa hapa namjua, ulimi wake unateleza Kizungu. Huyu mtu Kiswahili chake hakikuwa na kwao. Kilikuwa safi kama kikombe ambacho hakijawahi kunywewa. Nywele zilinisimama kabla sijajua kwa nini.

"Naongea na watu yetu," Eliya akamjibu. "Wazee. Hawasikie Kiingereza."

"Na wakikusikia, wanafanya unavyosema?"

"Wanafanya."

"Hata ukiwaambia wajifungie mahali padogo penye giza?"

"Hata hapo."

"Na ukitaka watoke?"

Eliya akacheka kidogo. Alidhani ni mazungumzo ya kawaida, mtu anataka kujua kazi ya mwenzake. "Nikisema mutoke, banatoka. Banajua sauti yangu."

"Unawaambiaje? Hebu nisemee."

Na Eliya akamsemea. Ndiyo, alilisema neno hilo, alimsemea yule, pale shambani, simu ikiwa imezimwa kwenye paja lake: "Mama, ni Eliya. Imekwisha. Mutoke." Nakuambia ukweli wote ili usije ukasema nilificha.

Yule mtu akainama karibu na dirisha, akawa anachezesha midomo. Bila sauti. Kama mtu anayeonja mchuzi kujua kama chumvi imekolea. "Tena," akasema. Eliya akarudia. "Tena."

Hapo hasira ikanipanda. "Wewe ni nani?" nikamuuliza. "Nyumbani ni wapi? Gari lako liko wapi?"

Hakunitazama hata. Na ndipo nikaona kile ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Upepo ulikuwa umelaza nyasi zote chini. Mlango wa gari ulikuwa unatetemeka. Lakini shati la mtu yule lilikuwa limetulia, halipepei, kama nguo iliyoanikwa ndani ya nyumba. Hata ukosi wake haukutikisika.

"Eliya, funga dirisha," nikasema. "Funga dirisha, washa gari."

Eliya alikuwa ameona pia. Mkono wake ulikuwa kwenye swichi ya kioo. Yule mtu akanyooka, akasema, "Asante, ndugu yangu." Na aliisema kwa sauti ya Eliya. Si kwa kuigiza, kama wachekeshaji wanavyoigiza marais. Niamini. Ilikuwa sauti yenyewe, na ule mkwaruzo wake wa kooni, na Uvira yote ndani yake. Eliya aligeuka kunitazama, kana kwamba ananiuliza mimi kama ndiye aliyesema.

Jiwe kubwa la barafu likapasua kioo cha mbele. Tukainamisha vichwa. Tulipoinua, hapakuwa na mtu. Nyasi zimelala mpaka mbali, hakuna pa kujificha hata sungura, na hapakuwa na mtu.

Tuliondoka pale kwa kasi ambayo sitaki kuieleza. Eliya alikuwa akiendesha huku ametoa kichwa kidogo dirishani ili aone, kwa sababu kioo cha mbele kilikuwa utando mtupu wa nyufa. Mimi nilishika rada. Na rada ilikuwa na habari mbaya: ile ndoana ilikuwa imetuacha nyuma, imeshapita Mansfield, inapanda kaskazini mashariki kuelekea Grand Prairie. Ving'ora vilikuwa vinalia mji mmoja baada ya mwingine.

Nikampigia Mama Nabintu. Aliitika upesi, na nikashukuru Mungu. Alikuwa mahali alipoambiwa, ndani ya bafu, na Mzee Salvatori yuko naye. Mzee huyu alikuwa Mrundi wa orofa ya juu, Mkatoliki mwenye kusali rozari hata akisubiri basi. Eliya alikuwa amemfundisha kuteremka kwa Mama Nabintu kila king'ora kinapolia, kwa sababu orofa ya chini ni salama zaidi. Niliwasikia wote wawili. Mzee anasali, mama anaitikia.

"Mama, mkae hapo hapo," nikamwambia. "Vuteni mto mjifunike kichwa."

"Tuko, mama. Tuko. Upepo iko nalia sana." Kisha akasema, na nilimsikia akitabasamu, "Ngoja. Eliya ashafika. Iko ku mulango."

Ulishawahi kuhisi damu ikirudi nyuma mwilini?

Nilimtazama Eliya. Alikuwa kando yangu, mikono miwili kwenye usukani, mvua inampiga usoni. Midomo imefungwa. Na kwenye simu, kwa mbali, kupitia mlango wa bafu na mlango wa nyumba, nilimsikia Eliya akibisha. "Hodi! Hodi, mama! Ni Eliya. Imekwisha. Mutoke."

"Si yeye!" nikapiga kelele. "Mama, usifungue! Eliya yuko hapa na mimi!"

Nikaweka simu kwenye spika, nikaisogeza mdomoni pake. Eliya alipiga kelele ambayo sijawahi kusikia mtu mzima akiipiga. "Mama! Ni miye! Niko mu gari na dada, karibu ya Mansfield! Usifungue mulango! Haiyakwisha, mama, haiyakwisha!"

Upepo. Halafu Mama Nabintu akauliza, taratibu, kama mtoto aliyepotea sokoni, "Eliya? Uko wapi? Muko babili?"

Na ile sauti ya mlangoni ikajibu. Ilikuwa imesikia. Ikajibu kwa upole, kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo inayonifanya nitetemeke kwa hasira mpaka kesho: "Mama, musisikilize simu. Huyo wa simu si miye. Miye niko hapa, nimekuja na gari, nawapeleka. Mutoke, mama. Imekwisha."

Sasa lazima uelewe kitu, usije ukawaita wajinga. Wiki hizo kulikuwa na matapeli wanaoiga sauti za watu kwa mashine na kuwapigia wazee simu. Makanisani kote tulikuwa tumetangaza: ukisikia sauti ya mwanao kwenye simu, usiamini, hakikisha kwa macho. Sisi wenyewe tuliwafundisha. Kwa hiyo Mzee Salvatori alifanya kile tulichomfundisha. Nilimsikia akisema, "Simu inadanganya siku hizi, mama. Mtu wa mlangoni ndiye mtu." Nikasikia kitasa cha bafu. Nikasikia ndara zake zikiburutwa sakafuni. Mama Nabintu akaita, "Salvatori, ngoja," kisha na yeye akatoka kumfuata.

Tulikuwa tunalia wote wawili, mimi na Eliya, tunaita majina yao. Kitasa cha mlango wa nje kikageuka. Kisha upepo ukaingia ndani ya simu, na simu ikakatika.

Barabara ya kuingia Grand Prairie ilikuwa imezibwa na miti na nyaya. Tuliacha gari, tukakimbia. Mtaa ule wa nyumba za kupanga ulikuwa umepigwa upande mmoja tu, kama mtu aliyefuta ubao nusu. Paa la jengo lao halikuwepo, ngazi hazikuwepo, orofa ya juu ilikuwa imeng'olewa na sebule ya Mama Nabintu ilikuwa wazi kwa mbingu. Na bafu lilikuwa zima. Nalisema tena: bafu lilikuwa zima! Mlango wake wazi, taa ndogo ya betri bado inawaka, mito na blanketi vimepangwa ndani ya beseni la kuogea, vikavu. Hata sabuni ilikuwa mahali pake. Wangekaa, wangetoka wakiwa na nywele zilizovurugika tu.

Mzee Salvatori tulimkuta kwenye maegesho ya magari, na rozari yake kiganjani. Nilimfumba macho kwa mkono wangu. Mama Nabintu alikuwa hai chini ya mlango wake mwenyewe, nyonga imevunjika. Eliya aliuinua mlango ule peke yake, akapiga magoti kwenye matope, akamwambia, "Mama, ni miye." Mama akafumbua macho. Alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Eliya, juu ya nini ulituita, kisha ukakimbia?"

Kwa nini: hilo ndilo swali alilompa. Na hakuwa amechanganyikiwa, msimsingizie. Alikuwa amefungua mlango na kukuta hapana mtu, hapana gari, bali ukuta mweusi unakuja. Kwake, Eliya alikuja, akawaita, akawakimbia. Ungekuwa wewe ungedhani nini?

Tulieleza. Tulieleza hospitalini, tulieleza kwa jamaa za Mzee Salvatori, tulieleza kwenye mkutano wa jumuiya. Nilionyesha simu yangu, kwamba tulikuwa tunaongea. Ndiyo kwanza nikaharibu. Wakasema: ahaa, kumbe mlikuwa kwenye simu nao! Basi ni nyinyi mliowaambia watoke, mkakosea rada yenu, na sasa mnatafuta jini la kubebesha lawama. Mtu mmoja mwenye digrii akatufafanulia kwa upole, kama anaongea na wagonjwa, jinsi akili ya mtu mwenye hatia inavyotunga mambo. Mchungaji mmoja akasema labda alikuwa malaika, amekuja kumchukua mzee. Malaika! Nilisimama mkutanoni nikamwambia kama huyo ni malaika basi mimi sitaki kwenda mbinguni, na watu wakanivuta nikae.

Hakuna aliyeuliza swali moja rahisi: Eliya, aliyewalea wazee hawa kwa sauti yake, angepata nini kwa kuwatoa?

Mama Nabintu alipona nyonga. Kabla hajapona, Eliya alikwenda kumwona hospitalini na uji, akasimama mlangoni na kusema hodi, na yule mama akajifunika shuka usoni na kuanza kupiga mayowe mpaka wauguzi wakaja kumtoa Eliya nje. Nilikuwepo. Nilishika ile chupa ya uji ikiwa bado ya moto. Nikarudi na Eliya garini. Ndipo akasema, "Dada, miye ndiye nilimupa. Aliniomba, nikamupa." Nikamfokea. Nikamwambia mwizi akikuomba maji ukampa, kisha akarudi kumwibia jirani yako, mwizi ni nani?

Akahama. Yuko Stafford sasa, huko upande wa Houston, anafanya kazi kwenye ghala ambako mashine zina kelele na hakuna mtu anayehitaji kuongea. Nimeendesha gari mpaka huko kumtembelea. Anapika vizuri, anacheka kidogo, lakini anaongea kwa kunong'ona. Si ugonjwa, ameamua. Simu yake haina salamu ya kurekodi. Mvua kubwa za Houston zikija, na huko ni mafuriko zaidi kuliko tornado, anaangalia rada kimya, anaandika onyo kwa herufi, analituma kwangu nilisome kwa sauti yangu. Nikamwambia, rudi, ongea, watu watasahau. Akanong'ona, "Watu batasahau. Ile haisahau."

Nilidhani ni huzuni inayosema. Mpaka machipuko yaliyofuata.

Dhoruba ilipiga upande wa Fort Worth, haikuwa kubwa, iling'oa mabati na kuondoka. Siku chache baadaye mama mmoja Mrundi aliletwa kazini kwetu kama mfanyakazi mpya. Hajawahi kukaa Grand Prairie. Hajui kikundi chetu, hamjui Eliya, hajui Mama Nabintu. Tunakunja mashuka pamoja, ananisimulia jinsi alivyoogopa king'ora. Akasema, "Lakini kuna kijana Mkongomani alikuja kutugongea, mwenye sauti nzuri kweli. Alisema anaitwa Eliya, imekwisha, tutoke. Mume wangu alikuwa amelala fofofo, nikashindwa kumwamsha, ndiyo maana hatukutoka." Alisikitika hata. Alitaka nimsaidie kumtafuta kijana yule amshukuru.

Nilikaa chini pale pale, juu ya mashuka.

Kwa hiyo sasa umesikia. Sikuombi uniamini kwa ajili yangu. Mimi nimeshazoea kucheka kwenu. Ninyi mliomrushia Eliya maneno, namba yake mnayo. Mpigieni. Na wewe mwingine, ambaye hunijui wala humjui, shika hili moja tu. King'ora kikilia, ingia ndani kabisa, mahali pasipo na dirisha, ujifungie. Na mtu akipiga hodi wakati upepo unalia, usifungue. Akilitaja jina lako, usifungue. Akiwa na sauti ya mwanao, ya mumeo, ya mama yako, usifungue. Anayekupenda hawezi kukuita utoke wakati ule; yeye mwenyewe atakuwa amejificha mahali, anakuombea. Kaa hapo. Huyo wa mlangoni mwache abishe mpaka achoke.